Habari za Redio Inayokoroma

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kueleza jambo ambalo wengi wenu mmeliona majumbani mwenu bila kuijua sababu yake. Mtu hukaa jioni na redio yake ili asikilize habari. Mara taa zawashwa, chaja ya simu yachomekwa ukutani, na redio yaanza kukoroma kama mzee aliyelala chali. Mwenye nyumba huigonga ubavuni, huigeuza huku na huku, na mwisho huipeleka kwa fundi. Fundi huifungua, haoni kasoro, naye huona haya kumrudisha mtu mikono mitupu. Basi hubadili kitu kimoja na kudai fedha. Redio ikirudi nyumbani, yakoroma vilevile.

Sisi tuliyaona hayo Kerenge, katika wilaya ya Korogwe, nyumbani kwa mama mmoja aliyekuwa amekwisha kuazimu kuiuza redio yake kwa bei ya kutupa. Tulimwomba atupe nafasi ya kufanya jaribio. Tuliitoa redio katika umeme, tukaitia betri, tukaiweka katika mawimbi ya kati mahali pasipo na stesheni, kisha tukatembea nayo chumba hata chumba. Karibu na mlango ilinong'ona tu. Chini ya taa ya ukumbini iliongeza sauti kidogo. Ilipofika penye chaja ya simu iliyonunuliwa gulioni, ilinguruma hata mtoto akacheka. Tuliichomoa chaja, na redio ikanyamaza papo hapo. Kumbe redio haikuwa na kosa lolote.

Ili tulielewe jambo hili, yafaa tukumbuke kazi ya Heinrich Hertz, mtaalamu wa Ujerumani. Kabla ya mwaka 1889 yeye alikwisha kuonyesha kwamba cheche ya umeme upande mmoja wa chumba yaweza kuamsha cheche ndogo upande wa pili, pasipo waya kati yake. Maana yake ni kwamba kila umeme unapokatwa au kuunganishwa kwa ghafula, hutoa mawimbi, na mawimbi hayo ni ndugu wa yale yaletayo sauti ya msemaji katika redio. Ndiyo sababu radi ikipiga juu ya milima ya Usambara redio hupasuka sauti, na pikipiki yenye plagi mbaya ikipita barabarani husikika tik-tik-tik katikati ya hotuba.

Sasa tuitazame chaja. Umeme wa nyumba zetu Tanzania ni wa volti 230, nao hugeuka na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Simu yataka volti 5 tu. Zamani kazi ya kupunguza ilifanywa na transfoma ya chuma, nzito kama jiwe la mizani. Chaja za siku hizi hufanya kwa njia nyingine: huukata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde moja, na kwa kuwa waukata haraka namna hiyo, transfoma iliyo ndogo kama tende moja yatosha. Ni akili kubwa, hatukatai. Lakini kila ukatwapo, umeme hutoa kelele, na kelele hiyo hupanda hata ikaingia katika mawimbi ya kati, yaani kilohezi 530 hata 1,600 hivi. Tena nyaya za nyumba huichukua na kuitangaza, kama kwamba ni mlingoti wa stesheni.

Mtengenezaji mwema hulijua hilo. Huweka koili ndogo ya waya na kapasita mbili tatu za kuizuia kelele isitoke. Vitu hivyo ni vya bei ndogo sana; lakini mtu atengenezaye chaja laki moja, akiviacha vyote, ajipatia faida nzuri. Hasara yake haimpati yeye, bali yampata yule aketiye na redio jioni.

Kama mambo yangaliishia hapo, tungalisema ni udhia tu, wala tusingalikusumbueni. Lakini ndani ya chaja mna pande mbili: upande wa volti 230 na upande wa simu. Baina yao pana kama ukuta, na ukuta huo ni utepe mwembamba uliozungushwa kati ya nyaya za transfoma, pamoja na nafasi ya milimita kadhaa katika kibao. Juu ya ukuta huo hukaa kapasita moja, kazi yake kuirudisha kelele kwao. Kanuni hutaka kapasita hiyo iwe ya aina maalumu, ambayo hata ikiharibika haiupitishi umeme. Mtengenezaji asiye mwaminifu hufanya moja katika mawili. Ama huiacha, na redio hukoroma; ama huweka ya kawaida, redio ikatulia, na siku ile itakapopasuka, volti 230 zitafika katika simu iliyo mkononi mwa mtoto. Kwa hiyo chaja yenye kelele ni ya kushukiwa, lakini iliyo kimya haijathibitika kuwa salama. Mtekenyo mwepesi juu ya simu ya bati waweza kutoka hata katika chaja njema; mshtuko wa kukufanya urudishe mkono ni habari nyingine, na chaja hiyo isitumike tena.

Mataifa hayakulala katika jambo hili. Mwaka 1934 wataalamu walikutana Paris wakaanzisha kamati iitwayo CISPR, ya kupima kelele zinazoudhi redio na kuweka mipaka yake. Kwetu Tanzania, Shirika la Viwango, yaani TBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa sheria ya mwaka 2003. Vyombo vya mawasiliano hupaswa kupata kibali cha Mamlaka hiyo. Mnamo Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na watu wengi walinung'unika. Sisi twaona kazi ilikuwa ya haki, ingawa aliyeumia zaidi ni mnunuzi maskini, wala si aliyeziingiza. Alama za ubora nazo huchapwa kwa wino tu, na wino hata mwongo anao.

Chaja ile ya Kerenge tuliipasua kwa msumeno, baada ya kuiacha siku nzima nje ya umeme. (Ninyi msifanye hivyo.) Koili haikuwamo, palikuwa na kipande cha waya mahali pake. Utepe wa transfoma ulikuwa tabaka moja, nao umekunjamana pembeni hata waya wa upande mmoja wagusana na wa pili. Mama aliutazama kitambo, kisha akasema kwamba siku ile gulioni alinunua mbili, na ya pili alimpa binti yake aliye Korogwe mjini, mwenye mtoto anayetambaa. Tulimwambia asingoje kesho, ampigie simu wakati uleule. Binti alipopokea, simu yake ilikuwa ingali katika chaja.