Matango ya Kwenye Ndoo: Maji Yale Si ya Kunywa

Siku hizi tukitembelea wagonjwa majumbani tunakuta ndoo zimepangwa barazani, na matango yametambaa juu ya kamba. Huo ndio ukulima wa haidroponiki, yaani kuotesha mmea katika maji yenye mbolea, bila udongo. Tunaufurahia, kwa sababu hata familia isiyo na shamba inapata mboga. Lakini sisi wauguzi tuna neno.

Tuliwahi kumpokea mtoto wa miaka miwili. Mama yake alikoroga mbolea katika jagi la maji ya kunywa, akaliacha mezani. Maji yalikuwa maangavu kabisa, mtoto akayanywa. Tunashukuru aliletwa mapema, akapona.

Mbolea hiyo ina nitrati. Ikiingia mwilini kwa wingi, huweza kuzuia damu kubeba oksijeni. Midomo na kucha hugeuka rangi ya bluu, na mtoto huhema kwa shida. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga wa chini ya miezi sita.

Je, tuache kulima? Hapana. Tulime kwa utaratibu huu:

1. Ndoo moja ya lita 20 yatosha mche mmoja. Isiwe iliyowahi kubeba dawa ya mashamba wala ya mifugo. Isipitishe mwanga, maana mwanga huotesha ukungu wa kijani majini.

2. Toboa kifuniko, pachika kikopo chenye matundu na kokoto safi, kisha weka mche. Maji yaguse kitako cha kikopo tu. Yakipungua, ongeza kiasi bila kujaza hadi juu, kwa kuwa mizizi ya juu inahitaji hewa.

3. Nunua katika duka la pembejeo mbolea iliyotengenezwa kwa kilimo cha maji. Urea peke yake haifai. Pima kama pakiti inavyoagiza.

4. Jagi na kijiko cha mbolea visirudi jikoni kamwe. Mbolea ifungiwe kabatini, na ndoo iandikwe SUMU.

5. Funika ndoo vizuri, uzibe kila upenyo. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hupenda kutaga katika maji yaliyotuama nyumbani.

6. Tango huliwa bichi. Lioshe kwa maji yaliyochemshwa na mikono iliyonawa kwa sabuni. Kukosa udongo hakuliepushi na vijidudu vya kuhara.

Mtoto akiyanywa maji hayo, msimlazimishe kutapika. Mpelekeni hospitali mara moja pamoja na pakiti ya mbolea, ili mganga ajue alichokunywa.

Akina baba na akina mama, leo jioni hebu tutazame tena pale barazani: kikombe kiko wapi, na mtoto anafika wapi? Kinga ni bora kuliko tiba.