Kumjua Mnyama kwa Umbo na Maskani Yake

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kadiri ya kilomita 50, na aghalabu kila mwenye kwato na pembe amwonaye njiani humwita swala tu, ilhali Mola amempa kila mnyama umbo lake na maskani yake, na mwenye kuyatazama mawili hayo kwa pamoja ni nadra kupotea.

La kwanza kuuliza, kabla ya pembe na rangi, ni mahali aliposimama. Hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, ina uwanda mpana wa Mkata, ambao nyasi zake hufurikwa na maji wakati wa masika, na kusini yake imo misitu ya miombo.

Uwandani mna makundi ya swala pala, atambulikanaye kwa michirizi mitatu myeusi nyuma, mmoja mkiani na miwili mapajani, na kwa vishungi vyeusi juu ya kwato za miguu ya nyuma. Penye majani marefu karibu na maji hujilaza tohe, ambaye dume lake lina pembe fupi zilizopinda kuelekea mbele. Na kuro, mkubwa kumshinda, mwenye manyoya marefu na weupe matakoni, haendi mbali na maji.

Ukiingia miomboni, tazamia palahala, ambaye dume lake ni jeusi, tumbo jeupe, na pembe zimepinda kwenda nyuma mithili ya majambia. Humo pia yumo tandala mkubwa, ambaye watu humchanganya na pofu kwa kuwa pembe za wote wawili zimesokotwa; lakini za pofu hunyooka, naye ana ngozi ining'iniayo shingoni, na jike lake lina pembe vilevile, hali jike la tandala halina.

Hata hivyo wanyama huhama kwa misimu, na kiangazi huwakusanya wengi penye maji. Basi maskani hutupa dhana, na umbo ndilo litupalo yakini. Maarifa haya yanawafaa sana wakulima wa Kilosa, ambao wilaya yao imepakana na hifadhi, kwani amwarifuye askari wa wanyamapori kwa jina sahihi la mnyama aliyeingia shambani husaidiwa upesi. Nao wazazi wapitao Mikumi na wawafunze watoto kutaja kwanza mahali, kisha alama moja ya mwili, ndipo jina.