Kirusi Kinachotangulia Saratani

Saratani ya mlango wa kizazi huja kimya kimya. Mama huendelea na kazi zake kiwandani na nyumbani asihisi maumivu yoyote. Aanzapo kutokwa na damu isiyo ya kawaida, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea. Je, hakuna dalili ya mapema zaidi?

Ipo. Mwaka 1983 mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, pamoja na wenzake, waligundua kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani hiyo. Mwaka uliofuata wakagundua aina ya 18. Aina hizo mbili ndizo chanzo cha ugonjwa kwa wanawake wapatao 70 katika kila wagonjwa 100. Mwaka 2008 mtaalamu huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kirusi hicho hutangulia saratani kwa miaka mingi. Hivyo kipimo cha kukitafuta hutuonya mapema. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kwa wanawake kuanzia umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kupatikana na kirusi si kuwa na saratani, wala si aibu: miili ya wengi hukishinda yenyewe. Penye mabadiliko, waganga huyaondoa kwa joto au baridi kali kabla hayajageuka saratani.

Chanjo nayo ipo; Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchini kote mwaka 2018. Basi, ndugu, tusingoje maumivu. Baba amhimize mama akapimwe, na binti asikose chanjo yake.