Hifadhidata Inapozidiwa: Funzo la Slammer
Shambulio la kunyima huduma si lazima liibe taarifa za mgonjwa. Hatari yake ni kuzifanya zisifikike. Tarehe 25 Januari 2003, kirusi cha kompyuta kiitwacho Slammer kilipenya kupitia kasoro ya programu ya hifadhidata ya Microsoft SQL Server 2000. Kilikuwa na baiti 376 tu. Kila kompyuta iliyoambukizwa ilitapakaza nakala zake bila kukoma, hata njia za mtandao zikaziba. Mwanzoni, maambukizi yaliongezeka maradufu kila baada ya sekunde 8.5 hivi. Nchini Marekani, mashine za kutolea fedha zilikwama, na kituo cha simu za dharura karibu na Seattle kikarejea kalamu na karatasi.

Kinga ilikuwapo: Microsoft ilikwisha kutoa rekebisho Julai 2002. Lakini chanjo iliyobaki jokofuni haimkingi mtu.

Daktari asiyeweza kuona mzio wa mgonjwa hutibu gizani. Kwa hiyo, hospitali zisakinishe marekebisho mapema, zisiiache hifadhidata wazi kwa intaneti, na ziweke fomu za karatasi tayari wodini.