Zana za Nyumba na Sanduku Lake

Katika nyumba zetu nyingi kila kitu kina mahali pake isipokuwa zana. Vyombo vya jikoni vina kabati, nguo zina almari, vitabu vina rafu. Lakini nyundo hukaa chini ya kitanda, msumeno nyuma ya mlango, bisibisi pamoja na vijiko, na spana katika mkebe mtupu wa maziwa. Hata mwenye nyumba aliyejitengea kona ya karakana katika banda la gari, mara nyingi ana visanduku vitano au sita, kila kimoja na mchanganyiko wake, wala hakuna kimoja kinachomjibu anapotafuta kitu kwa haraka.

Kukusanya zana hizo na kuzitia katika sanduku moja lililo bora huonekana kuwa jambo la mafundi tu, na la wanaume tu. Sivyo. Bomba linapopasuka saa nne ya asubuhi, aliyeko nyumbani mara nyingi ni mama, naye ndiye anayehitaji kujua spana iko wapi. Tena zana ni mali. Zimenunuliwa kwa jasho, baadhi yake ni za watu wengine, na siku mwenyewe atakapoondoka duniani zitahesabiwa pamoja na shamba na nyumba. Kwa hiyo anayepanga sanduku la zana anapanga sehemu ya hesabu ya nyumba yake.

Tuchukue mfano wa Olenguruone, mji mdogo wa Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, kandokando ya msitu wa Mau. Msomaji wa Lamu au Mombasa atauliza, huko na sisi wapi na wapi? Jibu ni kwamba watu wa pwani wamezoea kufuata kazi na biashara hadi bara, na adui wa zana anayewangoja huko ni yule yule waliyemwacha nyumbani. Olenguruone iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya chai, viazi, pareto na ng'ombe wa maziwa. Nchi ya mvua nyingi, ukungu wa asubuhi na baridi ya usiku. Nyumba ya mkulima wa huko inahitaji zana za namna nyingi: jembe na uma wa viazi, kisu cha kupogolea chai, msumeno wa mbao, koleo la kukazia waya wa ua, spana za pampu ya maji. Zote ni za chuma, na zote huliwa na kutu.

Kutu hailishwi ila na vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Pwani huongezwa chumvi ya bahari, ambayo huharakisha kazi hiyo. Milimani hakuna chumvi, lakini kuna jambo jingine. Usiku chuma hupoa sana; asubuhi hewa yenye unyevu inapopata joto na kukigusa, matone madogo ya maji hujifanya juu yake, kama yanavyojifanya kwenye gilasi ya maji baridi. Mwenye zana huona karakana yake haivuji hata tone, akastaajabu kuikuta patasi imegeuka rangi. Maji hayakushuka kutoka kwenye paa, bali yalitoka katika hewa yenyewe. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hivi, kutu huenda kwa kasi, iwe ni Olenguruone au Lamu.

Basi kazi ianze kwa kukusanya. Tandikeni mkeka au turubai uani siku ya jua, na kila aliye nyumbani alete zana anayoijua ilipo. Watoto ndio hodari wa jambo hili, kwa kuwa wao ndio wanaojua nyundo iliachwa wapi. Kisha zigawanywe mafungu matatu. La kwanza ni zana za nyumba zilizo nzima. La pili ni zilizoharibika, au zilizo mbili na tatu za aina moja. La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni zana za watu: msumeno wa jirani, keekee ya shemeji, ngazi ya msikiti. Fungu hili lisiingie sandukuni hata kidogo. Lirudishwe wiki hiyo hiyo, kwani ni amana, na amana haigeuki kuwa mali kwa kukaa sana.

Zilizoshikwa na kutu zisitupwe upesi. Zilaze katika siki usiku kucha, uzisugue kwa brashi ya waya, uzisuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, kisha uzikaushe kabisa na kuzipaka mafuta ya mashine. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa sababu mengi yao hugandamana baada ya muda na kushika vumbi. Maseremala wa Japani tangu zamani hupaka patasi na randa zao mafuta ya mbegu za mti wa tsubaki, ambao ni ndugu wa mchai. Na mkulima wa Olenguruone aliyezungukwa na mashamba ya chai hakosi kulifurahia hilo. Lakini mafuta ya mashine ya kawaida yanatosha, mradi yapakwe kwa kitambaa, kidogo kidogo, na yarudiwe kila baada ya matumizi.

Sasa tulitazame sanduku lenyewe. Mafundi wa nchi za nje hujisifia makabati ya chuma yenye magurudumu na droo kumi au zaidi. Ni mazuri juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa; juu ya sakafu ya udongo magurudumu hayaendi popote. Nyumba nyingi za Kenya zina kitu kilicho karibu zaidi, nacho ni sanduku la bati la mtoto aliyemaliza shule ya bweni. Mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi, huyafua masanduku hayo kwa nyundo kutoka katika mabati bapa, na baada ya miaka minne ya shule huwa bado yana nguvu, yamekaa tupu juu ya dari au yamejaa nguo kuukuu. Fundi wa jirani aweza kulikazia pembe, kulibadilishia bawaba na kulitia mishikio mipya kwa gharama ndogo kuliko ya kununua jingine.

Ama namna ya kulipanga, mwalimu wetu ni kasha la pwani. Kasha la Lamu na Unguja, la mbao ngumu lililopambwa kwa misumari ya shaba, ambalo mabibi zetu walihifadhia nguo na mapambo ya harusi, lilikuwa na mpango wenye akili. Vitu vizito vilikaa tumboni, kijisanduku kidogo chenye kifuniko kilikuwa ndani upande mmoja kwa vitu vidogo vya thamani, na mara nyingi kulikuwa na droo chini. Fuateni mpango huo huo. Nyundo, spana kubwa na jiriwa zikae chini. Juu yake iwekwe sinia ya mbao nyepesi, ya saipresi kwa mfano, iliyogawanywa vyumba kwa patasi, tupa, bisibisi na koleo. Misumari na parafujo zitiwe katika mikebe yenye vifuniko, kila kipimo mkebe wake. Meno ya msumeno yavishwe ala ya kitambaa kinene. Ndani ya sanduku pawekwe kifuko cha makaa makavu kinachoanikwa juani mara kwa mara ili kinywe unyevu, na sanduku lenyewe lisiketi juu ya sakafu, bali juu ya matofali au vipande vya mbao, mbali na ukuta.

Hapa kuna onyo moja, na Olenguruone yenyewe ndiyo inayolitoa. Kukusanya si kurundika. Sanduku moja kubwa lisiloinulika na watu wanne si msaada kwa nyumba. Siku ya moto au mafuriko litabaki pale lilipo. Na wakazi wa sehemu zile wameona makubwa kuliko hayo. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwapa Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwingine makazi ya Olenguruone. Wakakataa masharti ya kilimo waliyowekewa, na kufikia mwaka 1950 wakawa wamefukuzwa. Miaka ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, eneo la Kuresoi lilipatwa na machafuko yaliyowatoa maelfu ya watu majumbani mwao. Aliyeondoka na msumeno, randa na nyundo aliweza kuanza kazi alikofikia. Kwa hiyo vikusanyeni visanduku sita viwe viwili: kimoja kikubwa kisichoondoka, na kimoja ambacho watu wawili wanaweza kukibeba, chenye zana zinazomlisha mwenyewe.

Sanduku lifungwe kwa kufuli, kwa ajili ya watoto wadogo kuliko wezi. Patasi iliyonolewa haina huruma na kidole. Lakini ufunguo usiwe mmoja tu mfukoni mwa baba. Uwepo wa pili kwa mama, na watoto wakubwa, wa kike na wa kiume, wafundishwe jina la kila zana, kazi yake na mahali pake.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ndani ya kifuniko cha sanduku gundisheni orodha: jina la zana, idadi, na mwaka iliponunuliwa. Kando yake liwepo daftari dogo la kuazimisha, lenye tarehe na jina la aliyechukua. Daftari hili si ubahili. Sura ya 107, Al-Maun, inamalizia kwa kuwakemea wanaozuia vitu vidogo vya kusaidiana, na miongoni mwa mifano waliyoitoa wafasiri wa kale ni shoka, sufuria na ndoo. Anayeogopa kupoteza ndiye anayenyima. Aliyeandika huazimisha kwa moyo mweupe, kwa sababu anajua kitu chake kiko wapi.

Na kuna siku ambayo orodha hiyo itasemwa na wengine. Mtu anapofariki, katika nyumba nyingi zana hutoweka kabla ya arubaini. Ndugu huchukua randa, rafiki humkumbuka marehemu kwa keekee, na hakuna anayeona kuwa amekosea, kwa vile hakuna aliyehesabu. Lakini zana ni sehemu ya mirathi. Hutanguliwa na gharama za maziko, madeni na wasia. Kisha kila mrithi ana fungu lake, na mjane aliyeachiwa watoto ana thumuni, sehemu moja ya nane. Mayatima wamo katika hesabu hiyo, nao hawana sauti ya kudai. Kesi za mirathi baina ya Waislamu zinazofika katika mahakama za Kadhi, ambazo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitambua, huhitaji ushahidi wa kilichokuwapo. Karatasi iliyogundishwa ndani ya kifuniko ni ushahidi mwepesi, na gharama yake ni kalamu na nusu saa.

Asubuhi moja ya jua inatosha kwa kazi yote hii. Waanze wenye nyumba kwa fungu la tatu, lile la zana za watu. Zikirudi kwa wenyewe, zilizobaki ni rahisi kuzipanga.