Vigogo Hupangaje Mechi Zao Ngumu?

Katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, timu hucheza mechi 12 tu za msimu wa kawaida. Nane au tisa hupangwa na konferensi, yaani ligi ambayo chuo ni mwanachama wake. Tatu au nne zinazobaki, chuo hujitafutia wapinzani chenyewe. Hapo ndipo kazi ya mkurugenzi wa michezo inapokuwa ngumu: alete vibonde, au amwite kigogo mwenzake?

Kibonde huja kwa malipo. Mwaka 2007 Michigan, iliyokuwa ya tano kwa ubora nchini, iliilipa Appalachian State ya daraja la chini dola 400,000 ije kuchapwa Ann Arbor, mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000. Michigan ikapoteza 34-32, mkwaju wake wa mwisho ukizuiwa muda ukiyoyoma. Maajabu kama hayo ni nadra, ndiyo maana biashara inaendelea. Mwenyeji hubaki na mapato ya mlangoni, wala hadaiwi marudiano.

Kigogo hanunuliki hivyo. Anataka nyumbani na ugenini, na mkataba husainiwa miaka mingi kabla. Texas na Alabama walitangaza mwaka 2018 kwamba wangekutana 2022 na 2023. Tom Herman, kocha wa Texas wakati huo, alitimuliwa kabla siku haijafika, na mtihani akaurithi Steve Sarkisian. Alifungwa 20-19 Austin, akalipiza kwa 34-24 Tuscaloosa. Ushindi huo ulilipa Desemba ile. Kamati ya watu 13 ilipoteua timu nne za mtoano wa kuwania ubingwa wa taifa, Alabama ilikuwemo, na Texas iliyoipiga nyumbani kwake isingeachwa. Florida State, iliyoshinda mechi zote 13, ilibaki nje.

Mtoano ulipopanuliwa hadi timu 12 mwaka 2024, ilitarajiwa vigogo wangethubutu zaidi, kwa kuwa kipigo kimoja hakimalizi tena msimu. Mwaka uliofuata Texas ilifungua kwa mabingwa watetezi, Ohio State, mjini Columbus, ikalala 14-7. Ilimaliza na vipigo vitatu, ikaachwa. Sarkisian alilalamika kwamba bila safari ile wangekuwa na viwili tu. Ana hoja, lakini nusu: kwa maoni yangu kilichowaponza zaidi ni kufungwa na Florida, timu iliyoambulia ushindi mara nne msimu mzima.

Msimu huohuo Indiana, iliyokwisha kufuta mkataba wa kucheza na Virginia 2027 na 2028, ilianza na timu tatu zisizo vigogo, Old Dominion, Kennesaw State na Indiana State, zote nyumbani. Ikashinda mechi 16 kwa 16 na kutwaa ubingwa. Haki yake isemwe: konferensi yake, Big Ten, huigawia mechi tisa, na baadhi ni moto. SEC, konferensi ya Texas, nayo iliamua kuhamia mechi tisa kuanzia 2026, hivyo nafasi za kujitafutia zikabaki tatu. Moja ya hizo Texas ilikwisha kuiahidi Ohio State: marudiano, Austin.