Ciwara: kinyago kilichozaliwa shambani

Wabamana wa Mali hulima mtama na uwele katika nchi yenye msimu mfupi wa mvua. Mvua ikishanyesha, shamba halimsubiri mtu. Anayechelewa kulima atakosa chakula. Kinyago cha ciwara, kinachovaliwa utosini, kimetokana na maisha hayo.

Masimulizi yao husema ciwara alikuwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama, aliyeipasua ardhi kwa kucha na fimbo, akawafundisha watu kulima. Waliposhiba wakaanza kutapanya nafaka. Ciwara akajizika ardhini, nao wakachonga kinyago cha kumkumbuka. Kwa hiyo kinyago hicho hutoa shukrani na onyo kwa pamoja.

Mchongaji, ambaye kwa desturi ni wa ukoo wa wahunzi, haigi mnyama mmoja. Pembe ndefu ni za korongo, yule swala mkubwa, na huelekea juu kama uwele unaorefuka. Mwili ulio chini, mfupi na wenye miguu iliyokunjika, mara nyingi ni wa mhanga, bingwa wa kuchimba. Pengine kakakuona naye huongezwa. Kwa hiyo mnyama huyu hapatikani porini: ameundwa kwa sifa ambazo mkulima anazihitaji, yaani nguvu, wepesi na ustadi wa kufukua udongo.

Umbo hubadilika kutoka eneo hadi eneo. Vinyago vya upande wa Segou husimama wima. Vya upande wa Bamako hulala, na mara nyingi kichwa na mwili huchongwa mbalimbali kisha huunganishwa shingoni. Kusini, upande wa Bougouni, wanyama hupandanishwa mmoja juu ya mwingine.

Hata hivyo, mbao peke yake haitoshi. Kinyago hushonewa kwenye kofia iliyosukwa, na mchezaji hufunikwa mwili mzima kwa nyuzi nyeusi. Huinama akiegemea fimbo mbili fupi, mgongo ukiwa katika mkao uleule wa mtu ashikaye jembe. Vinyago huchezwa kwa jozi, dume na jike, na wachezaji wote ni wanaume. Wanawake huwafuata kwa nyimbo za kuwasifu wakulima hodari. Jike hubeba mtoto mgongoni, kwa kuwa rutuba ya shamba na uzazi wa ukoo huombewa pamoja.

Kuenea kwa Uislamu na mabadiliko ya kilimo yamepunguza uzito wa kiibada wa ngoma hiyo, na vijiji vingi sasa huicheza kama burudani. Vinyago vingi vimeishia katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, bila nyuzi, fimbo wala nyimbo. Dume akiwekwa peke yake humo, mtazamaji hupata nusu tu ya hoja. Wabamana wameonyesha kwa jozi hiyo kwamba shamba hustawi kwa ushirikiano wa mwanamume na mwanamke, na masimulizi yao yanakumbusha kwamba nafaka isiyoheshimiwa humpoteza hata aliyewafundisha watu kuilima.